Swali la Mwisho ni la Mama wa Ufagio

Semina ya Alhamisi ilianza saa nane kamili, na "kamili" hiyo haikuwa ya mchezo. Profesa aliyeiongoza alikuwa mama mfupi, mwembamba, mwenye miwani mikubwa iliyofungwa kwa uzi, na akishaingia ukumbini aliufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ukichelewa kidogo tu unabaki nje, wenzako wanakutazama dirishani na kucheka. Mimi nilifungiwa nje mara moja. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, mama wa watoto wanne, na nilisimama chini ya dirisha nikisonya mpaka vijana wa mwaka wa kwanza wakanihurumia, wakaniletea kiti.

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu. Hapo mjini Likasi, Kongo, katika shule ile ya afya ya umma, kila mtu alilijua hilo kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Wenzangu darasani, wengi wao wa umri wa kuwa wanangu, waliniita Titulaire, kwa maana ndivyo kwetu anavyoitwa muuguzi anayesimamia kituo. Walinifundisha kutumia kompyuta, nami niliwafundisha kupima presha bila kumkaba mgonjwa mkono. Walikuwa watu wa mikutano mno. Tulikuwa na mkutano wa kupanga semina, mkutano wa kutathmini semina, na siku moja, naapa, tuliitwa kwenye mkutano wa kujadili kwa nini watu hawaji mikutanoni. Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa na salongo, usafi wa pamoja, kila darasa na kipande chake cha uwanja, na kiranja wetu, binti wa miaka ishirini na mitatu mwenye sauti ya filimbi, akitukagua kana kwamba uwanja ule ni sebule ya mama mkwe wake. Nililalamika kila wiki. Nilikuja kila wiki.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote shuleni pale kilikuwa mwisho wa semina.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alisimama mbele akaeleza utafiti wake. Maprofesa walimchambua, wenzake walimchokoza, na kila mtu alipokwisha kusema, profesa aligeuka kuelekea mlangoni. Pale kwenye benchi la mwisho aliketi mama anayefagia shule, ufagio umelala miguuni pake, mikono juu ya mapaja.

"Mama," profesa alimwambia, "umesikia nini?"

Naye mama alisimama akasimulia, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, alichokielewa. Baada ya hapo alikuwa na haki ya swali moja. Kama masimulizi yake yalifanana na kazi yako, na swali lake ukalijibu, profesa alikutilia sahihi uende kutetea tasnifu mbele ya jury, jopo la watahini. La sivyo, ulirudi kuandika upya. Hakuna aliyewahi kukata rufaa. Mwaka ule kijana mmoja aliongea juu ya kichocho kwa Kifaransa kirefu, kigumu, cha kutafuta makofi, akafuta jasho, akaketi. Mama alipoulizwa alifikiri sana, kisha akasema: "Nimesikia huyu mutoto eko na njaa. Anaongea mbiyo mbiyo sawa muntu anangojewa ku bukari." Bukari ni ugali wetu, basi tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Kijana alirudi baada ya wiki mbili na kazi safi kabisa, na tangu siku hiyo alimletea mama karanga kila Alhamisi.

Mimi sikuwa na wasiwasi na mama. Nilijua Kiswahili changu kinaeleweka, na nilijua kazi yangu ni nzuri. Wasiwasi wangu ulikuwa kalenda.

Ruhusa yangu ya kazi ilikuwa ya mwaka ule tu. Daktari mkuu alikuwa ameiandika wazi: session ya kwanza ya kutetea ikiisha, ninarudi kituoni, nimepata shahada au sikupata. Hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu kuijaribu shahada hiyo. Mara ya kwanza nilisimamishwa na mimba iliyonilaza kitandani miezi mitano. Mara ya pili mishahara ya kiwandani kwa baba ilikatika, nikaenda kufanya kazi ili wadogo zangu wasome. Sasa mume wangu alikuwa amebaki na watoto karibu na Kambove, ambako ndiko kituo changu kiliko, nami nilikuwa nimerudi kulala mtaa wa Shituru, nyumbani kwa baba, katika chumba nilichokuwa nikilala nikiwa msichana. Nikiikosa mara hii, basi. Umri nao unakwenda.

Kwa hiyo nilichagua mada ambayo isingenichelewesha: namna familia za Shituru zinavyotunza maji ya kunywa. Nani angeijua Shituru kunipita mimi? Nilizaliwa katika nyumba za kampuni ya kiwanda alichofanyia baba kazi. Kila nyumba ina namba yake iliyopakwa rangi nyeusi kwenye kona ya ukuta, na sisi watoto tulijuana kwa namba kabla hatujajuana kwa majina. Mtu alichapwa akiwa "wa namba fulani", alisifiwa akiwa "wa namba fulani". Kampuni iligawa unga kwa namba, iligawa vitambulisho vya hospitali kwa namba, na Krismasi zawadi za watoto zilisomwa kwa namba. Niliichukua orodha hiyo kichwani mwangu, nikapita kila nyumba ya tatu, nikabisha hodi mlango wa mbele, nikajaza karatasi. Mgeni angechukua miezi. Mimi nilimaliza kwa wiki chache, tena nikinywa chai kila nilipoingia.

Na matokeo! Nilikaribia kucheza. Karibu kila familia ilikuwa na bomba uwanjani. Karibu kila familia ilichota maji na kuyanywa siku hiyo hiyo. Niliyapanga kwenye majedwali, kiranja wetu akanitilia rangi, na nikaanza kumsikia mwenyekiti wa jury masikioni mwangu akitamka neno "distinction", daraja la heshima. Kichwa kilinivimba, nakiri.

Alhamisi yangu ilifika. Umeme ulikatika nikiwa kwenye jedwali la pili, nikaendelea kwa chaki bila kutetereka, na hilo pia liliniongezea sifa. Maprofesa waliuliza mambo ya kawaida, niliyajibu. Profesa wetu hakuuliza kitu. Aligeuka kuelekea mlangoni.

"Mama, umesikia nini?"

Mama alisimama. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mnene kidogo, mpole wa kuchelewesha maneno. Alisema: "Nimesikia yee alienda ku Shituru kuuliza bantu banachungaka maji namna gani. Anasema bote karibu beko na robinet mu parcelle. Anasema banachotaka, banakunywa, haibakiake mu bidon. Anasema ni muzuri."

Nilitabasamu. Hivyo hasa.

"Sasa iko na swali," mama aliendelea. "Minye pia naikala ku Shituru. Naikala mu annexe, nyuma ya nyumba ya bailleur. Huyu mama alifika pale kwetu. Nilimuona, nilikuwa nafula manguo. Akaongea na bailleur ku mbele, akakunywa chai, akaenda. Robinet ni ya bailleur. Siye tunachotaka kama yee anafungua. Njo nauliza: siye ba ku annexe, alituandika wapi?"

Robinet ni bomba, bailleur ni mwenye nyumba, na annexe ni vyumba vya uani anavyopangisha. Ningeweza kusema nitaangalia. Ningeweza kusema asante. Lakini ulimi wangu hautaki kungoja kichwa.

"Mama, numéro iko moya!" nilifoka. "Nyumba moya, numéro moya, ménage moya! Njo vile inahesabiwaka!" Ménage, yaani kaya, ndilo neno lililokuwa juu ya kila karatasi yangu.

Mama hakupandisha sauti. "Batoto yangu beko ine," alisema. "Mu ile moya, beko wapi?"

Akaketi, akauweka ufagio vizuri miguuni pake. Profesa aliniambia kwa upole nikae chini, na kwa mara ya kwanza mwaka ule semina iliisha bila mtu kupiga makofi.

Nilimfuata profesa ofisini kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi juu ya mbinu za utafiti. Hakuyangoja. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akasema: "Titulaire, minye sitakuchagulia. Njia iko mbili. Unaweza kuandika ku limites kama ba annexe habakuhesabiwa. Jury itasoma, itakuachilia, nami nitatia sahihi. Ao unarudi Shituru. Lakini juma njo tatu tu zenye kubakia, unajua."

Nilijua vizuri kuliko yeye. Nje, kiranja wetu alikuwa akiningoja na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kana kwamba ninatoka msibani. "Titulaire, tia mu limites!" aliniambia. "Siye bote tunatiaka mu limites. Mistari mbili, unamaliza." Alikuwa anasema kweli. Limites ni ukurasa ule wa mwisho ambako mwanafunzi anaungama alichoshindwa kufanya, na hakuna padri mpole kama jury ikifika hapo. Darasa letu zima lilikuwa linatupia mle kila uvivu wake.

Nilitembea mpaka Shituru kwa miguu ili hasira ishuke. Haikushuka. Nilimkasirikia mama wa ufagio, nikamkasirikia profesa na desturi yake, nikamkasirikia hata kijana wa kichocho na karanga zake. Kufika nyumbani nilichukua daftari, nikakaa kwenye ngazi, nikaandika mistari miwili mizuri sana ya Kifaransa kuhusu mipaka ya utafiti wangu. Niliisoma mara tatu. Ilipendeza.

Saa ilikuwa kumi na moja jioni, saa ya maji. Hapa lazima nieleze bomba letu. Baba, mstaafu wa kiwanda, alikuwa amelijengea sanduku la chuma kwa mikono yake, lina mlango mdogo na kufuli, na ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, pamoja na msalaba wa rozari yake. Usiku aliutundika kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, ili mimi nikiamka kabla yake nichote maji ya chai. Alifunga kwa sababu zamani watu wa barabarani waliingia wakaliacha wazi, uwanja ukawa matope. Kwa watu wa nyumba, bomba lilikuwa wazi muda wote, kwa maana ufunguo ulikuwa wetu. Kwa watu wa nyuma lilifunguliwa alfajiri na saa kumi na moja. Nasema watu wa nyuma: vyumba viwili ambavyo baba alivijenga uwanjani baada ya mishahara kukatika. Mle aliishi mwanamke muuza mkaa, mume wake mchimbaji ambaye wiki nzima alikuwa machimboni, na watoto wao.

Nilimtazama baba akifungua kufuli. Kisha yule mpangaji akatoka na vidumu vyake, kimoja, viwili, vitatu, na binti yake mdogo nyuma akikokota cha nne. Akavijaza vyote hadi shingoni. Nilishaona tendo hilo jioni nyingi bila kuliona. Sasa nilijiuliza anajaza vyote hivyo kwa nini, na jibu lilikuwa mbele yangu linaning'inia kwenye kamba ya kiatu.

"Papa," nilisema, "hapa ku nyumba tuko ménage ngapi?"

"Moya," baba alijibu bila kugeuka. "Numéro iko moya."

"Na bale ba nyuma?"

"Bale ni balocataire," alisema, yaani wapangaji.

"Balocataire habakunywake maji?"

Aligeuka sasa. Baba yangu si mtu mbaya, na nataka hili lieleweke. Ni mtu aliyekula mkate wake kwa namba ile maisha yake yote. "Nabafunguliaka kila siku," alisema. "Asubui na mangaribi. Nani anasema sibafungulie?"

Hakuna aliyesema. Lakini mimi nilikuwa namtazama yule binti mdogo. Wakati wa mvua aliharisha siku tatu, macho yakaingia ndani, na aliyemtengenezea maji ya chumvi na sukari nilikuwa mimi, nimekaa kwenye mlango wa annexe yao, nimempakata, nikimnywesha kijiko baada ya kijiko mpaka akalia kwa nguvu na mama yake akacheka kwa faraja. Mikono yangu hii. Na wiki mbili baadaye nilijaza karatasi ya nyumba ya baba, kwa maana namba yetu iliangukia kwenye kila-nyumba-ya-tatu, na niliandika: familia moja, bomba lipo, maji hayalali, hakuna aliyeugua. Sikusema uongo kwa makusudi. Niliandika nilivyofundishwa kuhesabu. Mgeni angeuliza humu mnaishi watu gani, mimi sikuuliza kwa sababu nilijua.

Niliona aibu, aibu ya kushika masikio. Nikaichana ile karatasi ya Kifaransa kizuri.

Asubuhi ya Ijumaa niliwahi shule kabla ya wote. Mama alikuwa anafagia veranda. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kuomba radhi, ikanipotea, nikabaki kusema: "Mama, nionyeshe njia ya kupita nyuma."

Alinipima kwa macho. "Leo niko na kazi," alisema. "Kesho niko na nafasi. Lakini kule nyuma hautakunywa chai."

Kiranja wetu aliposikia aliitisha mkutano, bila shaka. Lakini mkutano ule, peke yake kati ya yote, ulikwisha kwa dakika kumi. Salongo ya Jumamosi, aliamua, itafanyika Shituru na kwa kalamu. Walikuja karibu wote, na fulana zao nyeupe za Siku ya Kunawa Mikono Duniani, na daftari chini ya kwapa. Yule wa kichocho alibeba karanga. Sikuwaomba. Nililia kidogo nikawafokea wasinitazame.

Mama wa ufagio alivaa kitenge cha misa na kutuongoza. Hakupita mbele ya nyumba hata moja. Alipenya kwenye uchochoro, nyuma ya vyoo, chini ya kamba za nguo, akabisha mahali ambapo mimi nilidhani ni stoo. Yalikuwa majiko ya zamani, gereji za zamani, mabanda ya kuku yaliyopandishwa ukuta. Mle walikaa wachimbaji waliotoka upande wa Kambove, wauza samaki wa chumvi, mjane mmoja aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani huku akisonga, familia changa zenye kitanda kimoja na vidumu vitano. Tulipita nyumba zile zile nilizopita, na karibu kila namba ilikuwa na watu wake wa nyuma. Tuliwauliza maswali yale yale. Bomba lipo? Lipo. Unalifungua mwenyewe? Hapo walicheka. Maji yanalala siku ngapi ndani ya kidumu? Ilitegemea bailleur, walisema, na kama ameenda kwenye msiba, na kama mmekosana naye.

Kwetu nilienda mwenyewe. Sikumtuma mwanafunzi. Nilizunguka nyumba na karatasi mkononi, nikapiga hodi kwenye mlango ambao nilikuwa nimeukalia wakati wa mvua bila kuubisha kama mlango wa mtu.

"Ingia, yaya," mpangaji alisema, kwa maana kwetu yaya ni dada, akanifutia kiti. "Leo njo uko mugeni."

Alinitania, lakini lilinichoma. Nilimuuliza maswali yote, hata lile la bomba, na yeye alipotazama ukuta unaotutenganisha na baba, nilimwambia aseme tu. Akasema. Niliandika kila neno.

Sasa siwezi kudanganya kwamba yote yalikwenda kama harusi. Jumamosi moja haikutosha, wala ya pili. Nilirudi jioni za katikati ya wiki na mama akimaliza kufagia, tukipita uwanja baada ya uwanja, na tukichoka tulikaa juu ya mawe tukala karanga na kuwasema watu. Nilijua kwamba aliacha shule darasa la sita, kwamba anapenda semina za magonjwa ya watoto na hapendi za takwimu, na kwamba siku ya kwanza profesa alipomuuliza amesikia nini alidhani anafukuzwa kazi. Majedwali yangu mazuri yaligeuka. Safu ya juu ikashuka chini, rangi za kiranja zikabidi zibadilishwe, na ule ukurasa wa hitimisho ambao nilikuwa nimeuandika kwa madaha niliufuta wote. Niliikabidhi tasnifu siku ya mwisho, karani akiwa ameshavaa koti la kwendea nyumbani. Nilimtolea uvivu alipotaka kukataa, naye akapokea.

Baba alikuja kunisikiliza nikitetea. Alivaa suti aliyostaafia, akakaa safu ya mbele, mikono juu ya fimbo. Usiku uliotangulia sikulala nikifikiri niseme au nisiseme. Nilipofika kwenye sehemu ya bomba niliacha karatasi. Nilisema: "Nyumba ninayolala mimi ni mojawapo. Bomba letu lina kufuli. Nilipita kando yake kila asubuhi na daftari langu, na karatasi yangu ya kwanza ilisema hakuna shida." Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikaendelea na jedwali lililofuata.

Jury ilinipa "satisfaction", daraja la kawaida. Si distinction. Mjumbe mmoja alisema kazi inaonekana imefanywa haraka mwishoni, na matokeo yana mapengo. Mimi najua kazi ile ya kwanza, ya uongo, isiyo na pengo hata moja, ingenipa distinction, na mpaka leo nikikumbuka nasonya. Lakini shahada ilikuwa yangu. Vijana walipiga kelele zilizofika barabarani.

Mwenyekiti alikuwa anafunga faili lake wakati profesa wetu aliposimama. Desturi yetu haikuwa ya siku hiyo, siku ya jury wanasema jury peke yao. Yeye aligeuka kuelekea mlangoni kana kwamba ni Alhamisi.

"Mama, umesikia nini?"

Mama alisimama. Hakufikiri sana safari hii.

"Nimesikia siye," alisema, akaketi.

Baba alitembea mbele yangu njia nzima ya kurudi. Alikula bukari na sombe, kisamvu chetu, akasali, akaingia kulala. Nami nililala nikijiambia kwamba nimemwaibisha baba yangu mbele ya watu wenye tai, na kwamba asubuhi nitamwomba msamaha kabla sijapanda gari la kwenda Kambove.

Niliamka mapema kuchota maji ya chai. Bomba lilikuwa limefungwa kama kawaida. Nilitazama msumari wa jikoni, ufunguo haukuwepo. Baba alikuwa ameshakaa kwenye ngazi, shati wazi, shingoni umebaki msalaba peke yake.

"Papa, ufunguo iko wapi?"

"Iko ku annexe," alijibu. "Enda ulombe."

Nilichukua ndoo, nikazunguka nyumba, nikasimama mbele ya mlango wao. Nikapiga hodi, nikangoja.